Kwaya Iliyokalia Anwani Zetu

Jambo lote lile lilitugharimu sufuria mbili za chai, mazoezi ya kwaya ya jioni nzima, na sauti ya bosi wetu, iliyokauka akaongea kwa kunong'ona mpaka Jumatatu. Nusura litugharimu pia kazi ya kijana mmoja anayeitwa Wafula. Nimejumlisha, nikajumlisha tena, na bado naona tulipata kwa bei ya kutupa.

Nawaandikia nyinyi mnaoingia kazi ya kupima programu za kompyuta, kazi niliyoifanya mpaka macho yakakataa herufi ndogo. Sikupigana nayo. Niliyapa miwani, yakataka miwani mingine, nikaona haya ni mapatano yasiyo na mwisho, nikastaafu. Hapa Kisumu Ndogo, Kibera, watu wananiita Auntie Adhi, na wengi wanaamini nilikuwa natengeneza simu. Nimeacha kuwasahihisha. Wakiniletea simu ya kioo kilichopasuka nawatajia bei kubwa, wanaenda kwingine, tunabaki marafiki.

Kazi yenyewe ilikuwa kuharibu programu kabla mteja hajaiharibu. Ndani ya kompyuta moja yenye nguvu unaunda kompyuta nyingine za kuigiza, unaziwekea programu mpya, unazitesa, halafu unazifuta kana kwamba hazikuwahi kuwepo. Kwa Kiswahili kizuri zinaitwa mashine pepe. Ofisini tulisema VM na maisha yakaendelea. Mtu akileta code mpya, yaani maandishi ya programu, mtambo wenyewe unaziamsha, unazipima, unaziua, na unaandika ripoti: kijani ikiwa zimepita, nyekundu ikiwa zimeanguka. Hakuna mkono wa binadamu hapo katikati. Ndiyo maana inabidi kila mashine ijulikane iko wapi. Mtambo hauwezi kusimama njiani kuuliza, "Samahani, kwa database ni wapi?"

Hapo ndipo anwani ya kudumu inapoingia. Kwa kawaida ruta, kile kisanduku cha Wi-Fi, hugawa anwani kwa yeyote anayekuja, leo hii, kesho ile. Mashine ya kupimia haitaki hivyo. Inataka namba yake, ileile, kila inapoamka.

Mimi nilifundishwa haya na Mzee Oluoch, aliyekuwa na cyber, duka la intaneti, hapa Kisumu Ndogo enzi za kompyuta zenye mgongo. Alikuwa na kompyuta kumi, na kila moja alikuwa ameiandika namba ubavuni kwa rangi ya kucha ya mke wake. Namba hiyo ndiyo ilikuwa mwisho wa anwani yake kwenye mtandao. Mteja akilalamika, Mzee alikuwa hainuki. Aliangalia rangi ya kucha, akaita hiyo anwani kutoka kwa kompyuta yake, akajua kama tatizo ni waya au ni mteja.

"Adhi," aliniambia siku yangu ya kwanza, "kompyuta ikikuambia iko sawa, uliza tena."

"Na ikisema tena iko sawa?"

"Uliza mteja."

Mke wake alipogundua rangi inakoenda tulihamia kalamu ya kuandikia mabango. Lakini zile za rangi ya kucha hazikufutika. Nilipoondoka pale, namba saba ilikuwa bado inang'aa.

Sasa tuje Kawangware. Kazi yangu ya mwisho, na ndefu kuliko zote, ilikuwa kwa ofisi ndogo katika mtaa wake wa Kongo, ghorofa ya kwanza, juu ya duka la vipuri. Tulikuwa watatu. Bosi alikuwa Njeri, mwanamke mwenye akili ya haraka na sauti ya kuuzia nyanya, ambaye pia aliandika code. Wafula aliandika code kubwa zaidi. Alikuwa kijana mpole kutoka Bungoma, na mwezi huohuo alikuwa amemleta mke na mtoto, wakapanga chumba Lindi, hapahapa Kibera. Mimi nilipima kazi za wote wawili, kwa hiyo nilikuwa nachukiwa kwa zamu.

Ukuta wa ofisi upande wa kulia ulikuwa ni mbao nyembamba. Upande wa pili lilikuwa kanisa. Ukipiga chafya kwetu, kwao wanasema ubarikiwe. Na kanisa lilikuwa na kitu ambacho sisi hatukuwa nacho: choo kinachofungwa kwa ufunguo.

Mapatano ya choo niliyafanya mimi. Mwalimu wa kwaya alitaka kiti kimoja cha ofisi, Wi-Fi wiki nzima, na tuwachapie nyimbo. Nikamtajia Wi-Fi peke yake, siku moja. Tukavutana mpaka chai ikapoa. Tulimalizia hapa: sisi tunapata nakala ya ufunguo, wao wanapata Wi-Fi jioni mbili, Jumatano na Ijumaa, wakati wa mazoezi, ili wasikilize nyimbo mpya kwenye simu kabla ya kuziimba. Kiti kikabaki kwetu. Nilirudi ofisini nikitembea kama mtu aliyenunua plot.

Shida ni jinsi tulivyochagua anwani. Tulikaa mezani sisi watatu, tukahitaji namba tatu za mashine zetu za kupimia. Tukachukua hamsini, hamsini na moja, hamsini na mbili, kwa sababu zilipendeza. Wafula akauliza, "Na ruta ikimpa mtu mwingine hizo?"

Njeri akasema, "Si tumeshaziandika kwenye mashine? Ni zetu."

Na mimi nikakubali, kwa sababu ndivyo mambo yalivyo kwetu. Hapa Kisumu Ndogo, mama anayeuza samaki wa omena akienda matanga ushago, kijijini kwao, anaacha gunia mahali pake. Gunia tupu, limekunjwa, na kopo juu yake. Anaweza kukaa huko wiki mbili. Hakuna mtu atakayekalia pale. Hata mlevi analizunguka. Basi tukadhani na anwani ni hivyohivyo: ukishasema ni yako, ni yako hata ukiwa haupo.

Lakini ruta haijawahi kununua omena. Haioni gunia. Yenyewe inajua kitu kimoja tu: namba hii sijampa mtu, na hakuna mtu anayeitumia sasa hivi. Na kumbukeni mashine zetu zilikuwa zinauawa kila jaribio likiisha. Muda mwingi wa siku zilikuwa hazipo. Sisi tuliona gunia, ruta iliona nafasi.

Kabla sijaendelea, msidhani hilo ndilo kosa la kwanza tulilofanya. Tulipoanza, tulitengeneza mashine moja nzuri, tukaiwekea anwani yake, tukainakili mara tatu. Tukaziamsha zote pamoja. Ni kama kuita "Mama Junior!" kwenye njia ya Kisumu Ndogo: wanageuka wanawake watano. Mashine zote zilijibu kwa namba moja, ujumbe wa hii ukaenda kwa ile, Wafula akashika kichwa. Tangu siku hiyo tulinakili mashine isiyo na anwani, kisha inapoamka mara ya kwanza inapewa namba yake na hati fupi tuliyoiandika. Fanyeni hivyo. Kiolezo, yaani ile mashine ya kunakilia, kiwe hakina anwani.

Na kuna siku Njeri alirekebisha faili ya anwani kwa haraka, akaacha nafasi moja ndogo mwanzoni mwa mstari. Nafasi tu, ile ya kidole gumba. Mashine ikaamka bubu. Tulitafuta asubuhi nzima, tukabadilisha waya, tukalaumu ruta, tukalaumu kampuni ya mtandao kwa simu kwa lugha ambayo kanisa lilisikia. Siku hizi kuna vifaa vya kukagua faili kabla hujaiwasha. Vitumieni. Ni vya bure, na mimi kitu cha bure sijawahi kukiuliza mara mbili.

Sasa turudi kwa Wafula. Ripoti zake zilianza kuwa nyekundu. Si zote. Njeri alileta code yake asubuhi, na ilipita kijani. Wafula alikuwa mtu wa kung'arisha, angeshinda na kazi yake mchana kutwa na kuileta jioni. Siku nyingine ilipita, siku nyingine ilianguka. Ripoti ilisema kitu cha ajabu: mashine ya hamsini na moja iko hai, lakini imekataa kufungua mlango. Asubuhi tukirudia jaribio lilelile, bila kubadilisha herufi, kijani.

Jumatano moja Njeri alichoka. Tulikuwa na mteja, chama cha waendesha boda, waliotaka kuona programu yao wiki iliyofuata. Ripoti ikaja nyekundu tena.

"Wafula, mimi sio mjinga," alisema Njeri, kwa ile sauti ya nyanya. "Code yangu inapita. Yako inaanguka jioni, asubuhi inapita. Maana yake unaharibu, unaenda nyumbani, unarekebisha kimyakimya, unakuja hapa na sura ya malaika."

"Madam, sijagusa. Haki ya Mungu sijagusa."

"Kwa hiyo imejirekebisha?"

"Sijui, Madam."

"Mimi najua. Siwezi kulipa mtu wa kunidanganya. Ijumaa iwe siku yako ya mwisho."

Upande wa pili wa mbao kwaya ilinyamaza katikati ya wimbo. Kwaya hainyamazi bure.

Wafula aligeukia meza yake. Alianza kukunja waya wa chaja yake, polepole, kama mtu anayekunja kitu cha mtoto. Mimi nikaona hapa ni lazima niseme.

"Madam, nipe mpaka Jumatano ijayo niangalie."

"Ijumaa."

"Jumatatu."

"Auntie, nimesema Ijumaa."

"Basi Ijumaa jioni. Siyo asubuhi."

Aliniangalia kama mtu anayetafuta mtego. "Sawa. Jioni."

Nilipata nusu siku. Sikujua bado kwamba ndiyo nusu pekee iliyokuwa na thamani.

Alhamisi kila kitu kilipita. Asubuhi, mchana, jioni, kijani tupu. Mngedhani ni habari njema. Njeri aliangalia ripoti akasema, "Mnaona? Akishaambiwa anaenda, code inakuwa safi." Wafula hakula chakula cha mchana. Mimi nilikula, kwa sababu tumbo langu halikuwa limefutwa.

Ijumaa jioni niliamua kuanza upya. Nilizima mashine zote tatu, nikaita namba zao moja moja. Kuita ni kazi rahisi: unatuma neno dogo, "Uko?", na kama kuna mtu pale anajibu, "Niko." Mashine zilikuwa zimezimwa, kwa hiyo nilitarajia kimya mara tatu. Hamsini, kimya. Hamsini na mbili, kimya. Hamsini na moja ikajibu.

Nikaita tena. Ikajibu tena, haraka, bila wasiwasi.

"Wafula, kuja. Hii mashine umeiwasha?"

"Auntie, si umezizima mwenyewe? Nimekuona."

"Basi ni nani anasema yuko?"

Tukahesabu. Ofisini kulikuwa na sisi watatu, na laptop zetu zilikuwa na namba zake, tukazikagua moja baada ya nyingine. Password ya Wi-Fi ilijulikana mahali pawili tu duniani. Moja ni pale tulipokaa. Na wakati huohuo, nyuma ya mbao, sauti za kwanza zikapaa kwa wimbo mpya.

Nilichukua ufunguo wa choo, maana ndio uliokuwa na haki ya kupita mlango wa kanisa, nikaenda. Wafula alibaki kwenye kompyuta, akiendelea kuita hamsini na moja. Mwalimu wa kwaya aliponiona alishusha mikono.

"Auntie, choo kiko wazi."

"Leo sijaja kwa choo. Naomba kila mtu atoe simu yake."

Wakanung'unika. Mwanamke mmoja wa sauti ya kwanza, tuliyemwita Mama Blessing, akauliza kwa nini. Nikawaambia kweli: kuna simu hapa imekalia mahali pa mashine yetu, na kwa sababu hiyo kijana Wafula anaenda nyumbani leo.

"Yule aliyegombezwa juzi?" akauliza Mama Blessing.

"Huyohuyo."

"Wee! Tulisikia yote. Nilirudi nyumbani nikakosa usingizi."

Tukaanza. Kila mmoja anazima Wi-Fi ya simu yake, mimi napiga ukuta, Wafula anajibu. Sauti ya nne wakazima. Nikapiga mbao.

"Bado inaitika!"

Sauti ya tatu. "Bado!" Sauti ya pili, na mzee mmoja hapo aliapa simu yake haina Wi-Fi, tukakuta inayo na inapakua mahubiri. "Bado inaitika!" Tukafika sauti ya kwanza, mmoja mmoja. Mama Blessing alikuwa wa mwisho kwa mstari. Aligusa kioo chake.

Kimya. Halafu Wafula, kwa sauti ambayo sikujua anayo: "Imenyamaza!"

"Washa tena, Mama Blessing."

Akawasha. "Imeitika! Auntie, imeitika!"

"Zima."

"Imenyamaza!"

Kwaya ikapiga kelele kama timu imefunga bao. Mama Blessing peke yake alikuwa ameshika simu mbali na mwili wake, kama panya. "Kwani simu yangu ndiyo ilikuwa inafukuza mtoto wa watu kazi?"

"Siyo wewe, mama. Wewe ulipewa kiti, ukakaa."

Alipozima mara ya mwisho nilirudi ofisini, nikamwambia Wafula alete ile code ya Jumatano, ileile iliyoanguka. Mashine zikaamka, zikateswa, zikafa. Kijani.

Njeri alikuwa amesimama mlangoni pa ofisi muda wote. Si mtu mbaya. Alielewa kabla sijaeleza, nikaona uso wake ukihesabu kurudi nyuma, Jumatano kwa Jumatano, Ijumaa kwa Ijumaa.

"Basi tukate hiyo Wi-Fi ya kwaya," alisema kwanza, maana ndicho kilichokuwa karibu.

"Madam, na choo?"

Akautazama ufunguo mkononi mwangu. Hakuna aliyetaka kurudi kwa choo cha stegi ya matatu.

Dawa yenyewe ilichukua muda mfupi kuliko kunywa chai. Niliingia kwenye ruta nikaiambia igawe anwani kuanzia mia moja kwenda juu, na chini ya mia isiguse kabisa. Kwaya ikapata mia nzima na zaidi, sisi tukabaki na zetu. Wiki iliyofuata tuliziondoa mashine kwenye mtandao wa ofisi kabisa, tukazipa mtandao wao ndani ya ile kompyuta kubwa, mahali ambapo simu ya mtu haiwezi hata kuchungulia. Shikeni hilo, hata mkisahau mengine: anwani ya kudumu ikae nje ya zile ambazo ruta inagawa. Na kabla hujaitoa namba kwa mashine, iite kwanza. Ikijibu, ina mwenyewe.

Lakini Wafula alikuwa bado anakunja chaja.

"Kaa basi," Njeri alimwambia, chinichini. "Nimekosea. Endelea na kazi."

Wafula aliangalia sakafu. Nikajua atakaa, kwa sababu ya mke na mtoto kule Lindi, lakini atakaa akiwa amevunjika, na mtu kama huyo huanza kuandika code ya kuogopa. Nikaingilia.

"Madam, bei hiyo ni ndogo."

"Unataka nini, Auntie?"

"Ulimuita mwongo kwa sauti ya ukuta mzima. Huwezi kumwomba msamaha kwa sauti ya hospitali."

"Hapa tuko watatu!"

"Juzi tulikuwa watatu na kwaya."

Akaongeza sauti kidogo. "Wafula, samahani."

Kutoka upande wa pili, Mama Blessing: "Hatujasikia!"

Njeri akacheka, ndipo nikajua yameisha. Alijaza kifua, akatoa ile sauti yote, ya nyanya na ya vitunguu: "WAFULA HAKUDANGANYA! NI MIMI NILIKOSEA! CODE YAKE NI SAFI!"

"Amina!" ikajibu kwaya, kwa sauti nne. Mwalimu wao akaomba arudie ili sauti ya tatu waingie vizuri, na Njeri, aminini msiamini, alirudia. Alirudia mpaka koo likakataa. Wafula alikuwa anacheka huku anafuta macho kwa mkono wenye chaja.

Alikaa. Alikaa miaka mingi, na leo ana ofisi yake kulekule Kawangware, na wapimaji wanne chini yake. Na hapo ndipo nahitaji msaada wenu.

Wiki iliyopita alinipigia. "Auntie, nina msichana hapa anayeandika code, Achieng, kazi yake inaanguka. Asubuhi mapema inapita, baadaye inaanguka, siku nzima. Kila siku. Wenzake wanasema hajui kazi. Mimi nimewaambia wote, mbele yake, kwamba code yake ni safi na tutampata anayekalia anwani."

Nikaenda. Nikamkuta Wafula ameshazunguka jengo lote. Amezimisha simu za kinyozi wa chini, za wateja wa kinyozi, na televisheni ya jirani. Mchungaji wa karibu amehojiwa. Achieng alikuwa amekaa pembeni, anamwangalia bosi wake kama mtu anavyomwangalia wakili anayelipwa na serikali: kwa shukrani, na kwa wasiwasi.

Nilikagua anwani. Nikakagua tena. Ni safi, zimetengwa, hakuna anayezikalia. Halafu nikasoma code. Mahali fulani msichana analinganisha saa za kompyuta kama maneno badala ya kama hesabu. Kwake 10 ni ndogo kuliko 9, kwa sababu inaanza na 1. Ndiyo maana mpaka kompyuta ifike 9, saa tatu yetu ya asubuhi, mambo ni mazuri, ikigonga 10, yaani saa nne, yanaharibika mpaka siku iishe. Ni mstari mmoja. Hata mtandao haujui habari hizo.

Sijasema kitu. Niliwaambia nitarudi Jumatatu na jibu, nikanywa chai yao nikaondoka. Wafula amemsimamia msichana huyu mbele ya watu kwa imani ambayo naijua ilikotoka, na imani hiyo siitaki ife. Na Achieng ana uwezo. Mstari mmoja haumfanyi mtu kuwa mbaya. Lakini nikimwambia bosi kwanza, ataona nimemwaibisha mbele ya wafanyakazi wake. Nikimwambia msichana kwanza, atarekebisha kimyakimya, na Wafula ataendelea kuhoji wachungaji.

Nyinyi mna umri wa Achieng. Mngetaka mzee aanze na nani, na amwambieje?